Samaki pundamilia na magonjwa ya kurithi ya umetaboli

Je, samaki pundamilia, kasamaki kadogo ka maabara, anafaa kuchunguzia magonjwa ya kurithi ya umetaboli (namna mwili unavyovunja na kutumia chakula)? Anafaa, tena sana, na hoja ya kwamba "samaki hana uhusiano na ugonjwa wa mtoto" haisimami. Jenomu yake (mkusanyiko wa jeni zake zote) ilipochapishwa mwaka 2013 ilionekana takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau mwenzake mmoja ndani ya kasamaki haka.

Chukua kile kifafa kinachotulizwa na vitamini B6. Jeni ya ALDH7A1 ikiharibika, mwili unashindwa kuvunja laisini (kipande cha protini), masalia yake yanarundikana na kuikamata B6 isifanye kazi. Watafiti waliharibu jeni hiyohiyo kwa samaki: vifaranga wakaanza degedege kwenye siku ya 10 hivi, wakafa siku chache baadaye. Waliotiwa B6, degedege likatulia na wakaishi muda mrefu zaidi, kama inavyokuwa kwa watoto. Halafu kifaranga ni mdogo na angavu: unamweka kwenye kishimo cha sahani ya maabara, unauona moyo ukidunda, unajaribu dawa nyingi kwa mkupuo.

Ila tahadhari. Siku tano hivi za mwanzo anaishi kwa kiini cha yai alichoachiwa na mama, kwa hiyo ugonjwa unaweza kujificha. Baadhi ya jeni anazo mbilimbili. Ukizima moja, pacha wake anaziba pengo. Na amonia, taka yenye sumu itokanayo na protini, anaitoa zaidi kwa matamvua (mashavu ya kupumulia) badala ya kuigeuza yurea kama sisi, kwa hiyo kwenye magonjwa ya kutengeneza yurea mimi nisingemtegemea peke yake.