Maua ya nyanya yanapukutika Februari: busta haipozi joto

Swali: Habari za kazi, bwana shamba. Nina ndoo 14 za lita 20 nyuma ya nyumba, Tabata, kila moja na mche wa nyanya aina ya Cal J. Mbegu nilisia Novemba. Mimea imenawiri sana, majani ni ya kijani kibichi, na tangu mwisho wa Januari inachanua vizuri. Tatizo ni kwamba ua likishafunguka, baada ya siku mbili tatu linadondoka. Mpaka sasa nimepata nyanya tatu tu, na mbili zimeoza kitako. Kijana wa duka la dawa aliniuzia busta ya maua, nimepulizia mara nne. Juzi akanimiminia dawa nyingine kwenye chupa ya maji, akasema niichanganye na ile busta, kifuniko kimoja kwa lita. Niendelee au nibadilishe busta? Na maganda ya mayai yanasaidia? Pembeni ya ndoo nina tuta la mchicha, nalo pia nilipulizie? *Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Dada yangu, acha kupulizia leo hii, na hiyo chupa ya maji usiifungue tena. Nitaieleza huko mbele, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilitangulize swali lako.

Kila mwaka, kuanzia Januari mpaka Machi, napokea swali hili hili kutoka Mbagala, Kigamboni, Tanga, hata Mombasa. Na karibu kila anayeuliza ameshauziwa busta, wengine ya pili na ya tatu. Inaniuma, maana mtu ametoa hela kutibu mmea ambao hauumwi.

Nyanya huanza kutengeneza chavua, ule unga wa njano unaolifanya ua lishike tunda, wakati ua lingali tumba, wiki moja hadi mbili kabla halijafunguka. Siku hizo ndizo za hatari. Mmea unataka usiku wa baridi kidogo, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Usiku ukibaki juu ya 22, chavua inaanza kuharibika. Mchana nao ukipanda kupita 32 mambo yanazidi kuwa mabaya. Sasa hesabu Februari ya Dar es Salaam: mchana nyuzi 32 au zaidi, na usiku mara nyingi haushuki hata kufika 24. Nyuma ya nyumba kuna joto kuliko hapo, kwa sababu ukuta wa tofali uliopigwa jua mchana kutwa unalitema joto lake hadi usiku wa manane, na ndoo zako bila shaka zimeegeshwa hapo hapo ukutani.

Kwa hiyo ua unaloliona limefunguka leo asubuhi liliharibika wiki iliyopita, likiwa bado tumba. Ukilipulizia busta leo, unapulizia ua ambalo hatima yake ilishaamuliwa.

Usiniamini tu, nenda ukaangalie. Chuma ua moja lililofunguka vizuri. Katikati utaona kijipembe cha njano, na ndani yake kijiti chembamba cha kijani chenye ncha inayopokea chavua. Ua lililozaliwa kwenye hali ya hewa nzuri kijiti chake hujificha ndani ya ile njano. Joto likizidi, mara nyingi kijiti kinarefuka na kuchomoza nje, kiasi kwamba hata chavua chache zilizo nzima hazikifikii. Kisha angalia kikonyo cha ua linalokaribia kudondoka. Katikati ya kikonyo pana kifundo kidogo kama goti. Hapo ndipo panapoanza kuwa njano, na hapo ndipo ua linapokatikia, safi kabisa, bila jeraha. Ingekuwa ni mdudu ungeona alama ya kutafunwa. Hapo mmea wenyewe umeliachia ua ambalo halikushika mimba.

Busta nyingi zinazouzwa kwa jina la "dawa ya maua" ni mbolea ya majani: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, na boroni au zinki kidogo. Ni chakula. Umeniambia mwenyewe kuwa mimea imenawiri na majani ni ya kijani kibichi, maana yake mmea umeshiba. Ukizidi kuupa naitrojeni utapata majani mengi zaidi, basi.

Nyingine zina homoni za kukuza mimea. Ni kweli zipo homoni zinazoweza kulifanya ua lishike tunda bila chavua, na wapo wakulima wa vitalunyumba wanaozitumia kwa kipimo cha uangalifu mkubwa, kwenye kishada cha maua tu. Ukizipulizia mmea mzima kwa kukadiria, majani ya juu yanajikunja na kusokoteka, na matunda yanatoka na umbo baya na uwazi ndani. Hapo biashara inaendelea: yule yule aliyekuuzia busta anatazama majani yaliyosokoteka, anasema "hii ni rasta", anakuuzia dawa ya rasta. Rasta halisi ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe, na mmea ukishaupata hakuna dawa ya kuuponya, iwe ya chupa ndogo au kubwa. Kwa hiyo umeuziwa tatizo, kisha ukauziwa dawa isiyokuwepo.

Na sababu inayofanya imani hii isife ni hii: ikifika Mei, upepo wa kusi umeshika, usiku unapoa, maua yanaanza kushika yenyewe. Busta iliyonunuliwa mwisho ndiyo inayopewa sifa, na jirani anaelekezwa dukani.

Sasa mimea yako. Usiing'oe kama haina ugonjwa, ila usitegemee makubwa. Iondoe ukutani. Itengenezee kivuli cha kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 40 ya jua inatosha, au makuti machache upande wa magharibi. Usichukue ile neti nzito ya asilimia 70, utapata miche mirefu myembamba isiyo na ua. Kama ndoo ni nyeusi, zipake chokaa au zifunike kwa viroba vyeupe, maana mizizi nayo inaungua. Weka matandazo ya majani makavu juu ya udongo. Asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne, umande ukishakauka, tikisa vishada vya maua kwa kidole. Pwani hewa ina unyevu mwingi, chavua inagandamana, na kutikisa kunasaidia ile kidogo iliyo nzima ianguke inapotakiwa.

Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu. Nyanya inayooza kitako imekosa kalsiamu kwenye ncha yake, ni kweli, ila kwenye ndoo kalsiamu mara nyingi ipo. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba mfululizo. Ndoo inakauka kauka saa saba, jioni unaimwagia mpaka inafurika, kesho yake hivyo hivyo. Mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini, na jioni tena kama udongo umekauka ukiingiza kidole. Ganda la yai linachukua muda mrefu mno kuoza kuliko maisha ya mnyanya.

Ila tiba yenyewe ni kalenda. Nyanya zinazojaa soko la Ilala mwezi huu zinatoka kwenye milima, Ilula, Lushoto, Mgeta, ambako usiku ni baridi. Wewe baridi yako inakuja na kusi. Sia mbegu kuanzia katikati ya Aprili hadi Juni, chini ya baraza ili mvua za masika zisiipige miche, pandikiza baada ya wiki nne, na maua yatakukuta Juni mwishoni mpaka Septemba. Cal J ni nyanya fupi inayozaa kwa mkupuo na kumaliza, kwa hiyo hizo ulizonazo haziwezi kukusubiri mpaka wakati huo. Anza na mbegu mpya. Tengeru 97 na Tanya ni mbegu zilizotoka kwenye utafiti wa hapa hapa nchini, na Tengeru 97 ina faida ya kuhimili mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu wa udongoni, na minyoo fundo inayoshambulia mizizi. Ukitaka kujaribu nyanya wakati wa joto la kaskazi, tafuta zile ndogo ndogo za kishada, zinahimili joto kuliko kubwa. Vinginevyo, kaskazi panda bamia, bilinganya na kunde.

Nirudi kwenye chupa. Kiuatilifu halali kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kinakuja kwenye chupa ya kiwandani yenye lebo. Lebo ndiyo inayosema ni sumu gani, ya mdudu gani, kipimo gani, na usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Ulichopewa hakina hata kimoja cha hivyo. Kifuniko cha chupa ya maji kinabeba karibu mililita 5, wakati dawa nyingi za wadudu zinapimwa mililita 1 au 2 kwa lita. Kwa hesabu hiyo huenda uliambiwa uzidishe mara mbili na nusu hadi mara tano, tena kwenye mboga ya nyumbani.

Tangu kanitangaze, mdudu ambaye viwavi vyake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, wakulima wameogopa, na hofu imezaa mchanganyiko wa kila namna: dawa mbili za majina tofauti zenye sumu ile ile ndani, na busta juu yake. Shambani hilo linawafanya wadudu kuwa sugu. Nyumbani ni baya zaidi, maana mtoto anachuma nyanya, anaifuta kwenye shati, anakula hapo hapo kwenye ndoo. Mwenye ndoo 14 hahitaji bomba la kupulizia. Akikagua majani kila asubuhi, jani lenye mapito meupe na vinyesi vyeusi vya kanitangaze linachumwa kwa mkono na kufukiwa likiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Namwambia hivi kila mwenye bustani ya uani, na ninawaomba wenye maduka wanaosoma hapa waache kupimia watu sumu kwenye chupa za maji ya kunywa. Kuna nyumba ambamo chupa hiyo inawekwa karibu na jiko.

Kwa hiyo yako iandike SUMU kwa maandishi makubwa, ifungie mbali na watoto, usiimwage mtaroni wala chooni. Rudi dukani, muulize yule kijana alimimina kutoka chupa ipi, na uipige picha lebo yake. Mpelekee afisa kilimo wa kata yako picha pamoja na chupa. Ile nyanya moja iliyobaki usiile wala usiwape kuku. Mchicha usiupulizie chochote. Na kama juzi ulipulizia ndoo kwa mchanganyiko ule, usiuchume mchicha mpaka lebo isomwe. Kijana akikataa kukuonyesha chupa, mchicha ung'oe uufukie, sia mwingine. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kuchuma upya.