Darasani Nilikwenda na Macho ya Wodini

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi na kulea watoto anakwenda kutafuta nini katika darasa la jioni la historia na sanaa, ilhali halimpi cheti wala cheo? Najua mtapata barua nyingi za kusema elimu haina mwisho. Sawa, lakini hilo si jibu. Vyombo vya kuosha navyo havina mwisho, na sijaona mtu akivikimbilia.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Nilipostaafu nilijiandikisha katika kozi ya historia ya ustaarabu wa kale, na nakiri ilinishinda. Mwalimu alikuwa msomi kwelikweli, sina ubishi juu ya hilo, ila kila jioni alizima taa, akawasha projekta na kutusomea maneno yaleyale tuliyokuwa tukiyaona ukutani. Wafalme walitawazwa, dola zikaanguka, sisi kimya. Kufika wiki ya nne darasa limebaki nusu. Mimi niliendelea kwa sababu kiti changu kilikuwa na mto.

Kozi ya pili ndiyo inayonifanya niwaandikie. Siku ya kwanza mwalimu alibandika ubaoni nakala kubwa ya mchoro wa Hans Holbein wa mwaka 1533, “Mabalozi”, ambao wenyewe uko London. Akatuambia tuutazame dakika kumi bila kusema neno. Dakika kumi ni nyingi, jamani. Dakika ya kwanza unaona wanaume wawili waliovaa vizuri wamesimama pembeni mwa meza iliyojaa vitu. Ya pili umeshamaliza. Ya tatu unawaza nguo ulizoacha kwenye kamba. Kuanzia hapo, kwa kukosa la kufanya, ndipo unapoanza kutazama.

Alipoturuhusu kusema, hakuuliza mchoro una maana gani. Aliuliza tumeona nini, na tumekionea wapi. Wa kwanza kujibu alikuwa mama mshonaji: lile vazi la bwana wa kushoto lina bitana ya manyoya, tazameni pindo, na kwa uzito ule mabega lazima yamuume. Sisi wengine tulikuwa tumeona koti tu. Akafuata mzee mmoja aliyepiga gitaa kwenye bendi miaka mingi. Alisogea mbele, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye ala ya nyuzi iliyolazwa rafu ya chini, ndugu yake udi. “Uzi mmoja umekatika hapa,” akasema. Kweli, umekatika. Mchoraji aliyehesabu mpaka unywele wa manyoya hakukosea uzi, aliukata makusudi. Mwalimu ndipo akatueleza kwamba 1533 ilikuwa miaka ya Wakristo wa Ulaya kufarakana, na kwamba wengi wanausoma uzi ule kama alama ya sauti zilizoacha kupatana. Angeanza na maelezo hayo, ningeyasahau kabla ya kufika mlangoni.

Halafu kuna lile doa refu sakafuni, la kijivu, limelala mshazari kama kitu kilichomwagika. Hakuna aliyelielewa. Tukaambiwa tupange foleni upande wa kulia na kutazama kwa ubavu, shavu karibu liguse ukuta. Mmoja mmoja tukapita, watu wazima na mvi zetu, na kila aliyefika akatoa sauti ileile ndogo. Ni fuvu la kichwa. Ukisimama mbele ya mabwana wale na vyombo vyao vya elimu hulioni sawasawa. Ukiliona, mabwana wameshapotea.

Nilichogundua jioni ile ni kwamba mtu mzima haendi darasani mtupu. Anakwenda na kazi yake. Mshonaji ana jicho la mshonaji, na miaka yote halikuwahi kuulizwa swali nje ya cherehani. Darasa zuri ni lile linalouliza. Kwa hiyo mkiniuliza ninakwenda kutafuta nini, nitajibu kwamba ninakwenda kutumia nilichonacho, mahali ambapo hakinilipi.

Wazo hili si langu peke yangu, wala si jipya. Mwaka 1903 Albert Mansbridge na mkewe Frances walianzisha chama cha kuwaelimisha wafanyakazi nchini Uingereza, na mwaka 1908 msomi kijana, R. H. Tawney, akaanza kufundisha historia ya uchumi katika miji ya Longton na Rochdale. Wanafunzi wake walitoka viwandani na migodini. Kipindi kilikuwa cha saa mbili: saa moja ya mwalimu, saa moja ya mjadala. Waliahidi kuhudhuria miaka mitatu na kuandika insha, baada ya kutwa nzima ya kazi, na mwisho wake hakukuwa na shahada. Kozi yangu ya kwanza ilikuwa na ile saa ya mwalimu tu, mara mbili. Ndiyo maana huwa nawashauri rafiki zangu: kabla hujalipa ada, uliza wanafunzi wanazungumza kwa muda gani. Ukijibiwa “maswali ni mwishoni kama muda utaruhusu”, kaa nyumbani ulale.

Jioni nyingine ilikuwa ya historia. Tuligawiwa tafsiri ya sehemu ya hati iitwayo Hiba ya Konstantino, ambamo kaizari huyo wa Roma, aliyefariki mwaka 337, anadaiwa kumkabidhi Papa Silvester wa Kwanza mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Swali lilikuwa moja: mngeipokea? Kati yetu kulikuwa na bwana aliyestaafu ukarani wa masjala. Hakuwa msemaji. Alisoma na kalamu mkononi, akarudi nyuma, akapiga mstari, kisha akauliza vipi mji wa Konstantinopoli unatajwa tayari una hadhi kubwa ya kikanisa, ilhali kwa maelezo ya hati yenyewe ulikuwa bado haujajengwa. “Hii imerudishwa tarehe nyuma,” alisema. “Nimeziona nyingi.”

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Hoja hiyo ni miongoni mwa zile alizotoa Lorenzo Valla mwaka 1440, alipothibitisha kwamba hati ni ya kughushi; aliongeza kwamba inawataja maofisa wa Roma kwa jina la masatrapi, cheo cha watawala wa majimbo ya Uajemi. Siku hizi wanahistoria husema iliandikwa karne ya 8. Karani wetu alikunja karatasi zake vizuri akaziweka mfukoni. Wiki iliyofuata alikuja amevaa tai.

Msidhani yote ni asali. Kila darasa lina mjuzi wake anayejibu kabla hujauliza, na wa kwetu alikaa nyuma yangu. Tena jicho la kazi hudanganya vilevile. Mimi kwa wiki kadhaa niliwaona watu wa michoro ya kale wana manjano, nikawa namnong'oneza mwenzangu kwamba huyu ini, na huyu naye ini. Mwalimu alinisikia. Akanieleza kwa upole kwamba varnishi ikizeeka hugeuka manjano, kwa hiyo ninaowatibu ni mbao na vitambaa. Nilinyamaza mwezi mzima.

Kilichonifungua mdomo ni mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1632, ule wa somo la Daktari Tulp. Maiti imelala mezani, mkono wa kushoto umepasuliwa, daktari anafundisha na wanaume saba wamemzunguka. Wenzangu walizungumzia mwanga, kola nyeupe na kitabu kikubwa kilichofunguliwa miguuni. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye mikono ya Tulp na hayakutoka. Mkono wa kulia umeshika koleo, umeinua msuli. Wa kushoto uko hewani, vidole vimekunjwa kidogo, na wote tulidhani ni ishara tu ya mtu anayeongea.

Nikasema: daktari anaonyesha kitu kimoja mara mbili. Msuli ule alioinua ndio unaokunja vidole, na kwa mkono wake mwingine anawaonyesha vinavyokunjwa. Nikasema pia kwamba kati ya wote waliosimama pale sikuona hata mmoja anayemtazama marehemu usoni, na kwamba hilo nimelizoea. Mshonaji aliuliza marehemu ni nani. Mwalimu akatuambia jina alilojulikana kwalo, Aris Kindt, mwizi aliyenyongwa mwaka uleule wa 1632. Darasa likatulia.

Mzee wa gitaa ndiye aliyevunja ukimya. Hakuniamini kuhusu msuli. Alikunja mkono wa shati, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja juu, akasema, “Haya, sista, tuonyeshe.” Wakasogea wote, hata yule mjuzi. Nilipapasa kati ya kiwiko na kiganja nikabonyeza kwa vidole gumba viwili, na vile vidole vyake vilivyobonyeza nyuzi maisha yote vikaanza kujikunja, polepole, bila yeye kuviamuru.