Ukichora bustani, anza na vivuli

Wewe unayeanza kuchora bustani kwa rangi za mafuta, kabla hujagusa ua hata moja, tazama vivuli. Wanafunzi wengi ninaowapokea hukimbilia penye jua, wakajaza nyeupe na njano, kisha kivuli wakakipaka kijivu. Picha inapoa hapohapo, na njano yote ile haiwezi kuiokoa.

Itafute intanetini picha "Femmes au jardin" ("Wanawake bustanini") ya mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyoianza mwaka 1866 huko Ville-d'Avray, karibu na Paris. Turubai lake lina kimo cha zaidi ya mita 2.5, naye alitaka kulichorea nje. Akachimba handaki bustanini ili alishushe na kulipandisha kwa kapi bila kuhama alipokuwa akitazamia. Alikuwa na miaka 25, umri wa kufanya mambo kama hayo. Waamuzi wa Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, waliikataa mwaka uliofuata; siku hizi iko katika makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Nyuso za wanawake wale ziache. Kaa na gauni jeupe la yule aliyeketi. Penye kivuli halina kijivu, lina buluu, kwa sababu pale jua lisipofika, anga bado linaangaza. Kisha panda usoni pake, chini ya mwavuli: mwanga unamfikia kutoka chini, ukidunda kwenye gauni lenyewe. Ukishaliona hilo, hutachora tena kivuli kama shimo.

Chini ya miti kazi ni ngumu zaidi. Katika "La Balançoire" ("Bembea") ya Renoir, mchoraji mwenzake Monet, ya 1876, jua linapenya majani na kuangukia nguo na njia kwa mabaka. Mhakiki mmoja aliyaona kama madoa ya mafuta. Yachunguze kingo zake: ni laini, na rangi hubadilika kulingana na kitu yalichoangukia. Anayeyapaka yote kwa nyeupe moja anapata chui.

Fanya hivi: andaa turubai kwa kulipaka kwanza rangi isiyokolea, funga macho nusu ili uone vipande vya rangi badala ya majani, na jua likishasogea, acha. Rudi kesho saa ileile, au anza turubai jingine, kama alivyofanya Monet baadaye. Nyeusi iache nyumbani kwa sasa. Renoir aliitumia vizuri sana kwingineko, lakini alikuwa Renoir.