Usiniombe koneksheni, niambie unasoma nini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Shikamoo dada. Nina diploma ya maabara, nipo tu nyumbani. Nimeona upo kwenye mambo ya chanjo na virusi vya kifua. Naomba koneksheni." Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa kwa sababu mpo wengi mnaouliza hilohilo.

Koneksheni sina. Baba yangu alikuwa anauza migebuka Kibirizi, mama anakamua mawese. Hakuna mjomba aliyempigia mtu simu Dar es Salaam kwa ajili yangu.

Nilianzia maabara ya hospitali: malaria kwenye darubini, wingi wa damu, choo na mkojo. Miaka hiyo naipita, haina la kusimulia. Kilichonitoa pale ni kero. Kila zinapokuja wiki fulani za mwaka, wodi ya watoto inajaa vichanga wanaobana kifua, mbavu zinaingia ndani kila wakivuta pumzi. Kipimo cha malaria hakioni kitu. Daktari anaandika nimonia, anaanzisha dawa ya bakteria, na mimi nabaki najiuliza: ni bakteria kweli? Maabara yetu haikuwa na namna ya kujua. Nilimuuliza bosi wangu wa wakati huo, akaniambia nirudi kwenye darubini yangu.

Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku. Ndipo nikakutana na kirusi kinachoitwa RSV, kirusi cha kifua kinachosumbua sana vichanga, na kilichonishika si ukubwa wa ugonjwa, ni sokwe. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1956 Marekani kwa sokwe wa maabara waliokuwa na mafua, na haikupita muda kikaonekana kwa watoto wachanga wa Baltimore. Mtu wa Kigoma akisikia sokwe lazima ageuke! Nikaendelea kuchimba, nikakuta habari za huku kwetu, hifadhi ya Mahale: mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliua sokwe wa porini, na uchunguzi ukakuta ndani yao kirusi ndugu wa RSV, metapneumovirusi, chenye asili ya binadamu. Mafua yetu sisi yanaua wanyama ambao watu wanavuka bahari kuja kuwaona. Mnaoshangaa kwa nini mgeni wa Mahale anavalishwa barakoa akiwa mbele ya sokwe, sababu ni hiyo.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kazi yangu ilipotoka.

Katika kusoma kwangu nilikuwa nimefika kwenye chanjo ya kwanza ya RSV, iliyojaribiwa Marekani kuanzia mwaka 1966. Walichukua kirusi, wakakiua kwa formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, wakawachanja watoto. Watoto wakatengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshika kirusi, kila mtu akafurahi. Kirusi halisi kilipokuja, kwenye kundi moja la vichanga waliochanjwa kisha wakaambukizwa, asilimia 80 walilazwa hospitali. Wale ambao hawakupewa chanjo hiyo waliolazwa ni asilimia 5. Watoto wawili waliochanjwa walifariki. Nilisoma habari hiyo nikashindwa kulala. Chanjo inawezaje kumuongezea mtoto ugonjwa?

Likatoka tangazo la kazi kwenye mradi mmoja Dar. Nikapanda treni, siku mbili njiani na dagaa wangu kwenye kopo. Kwenye usaili nikakuta wenzangu wana digrii za nje, wengine wanafahamiana na wasaili kwa majina. Mimi na diploma yangu na gauni la kuazima. Mzee mmoja wa jopo akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeshachoka: mtoto mwenye kingamwili nyingi analindwa, si ndiyo?

Nikamwambia hapana, inategemea ni kingamwili za namna gani, nikamtajia mwaka 1966.

Wakaangaliana. Nikaendelea. Kirusi cha RSV kina protini juu yake inayoitwa F, ambayo ndiyo inayokiingiza kwenye seli. Protini hiyo inakaa kama mtego wa panya: kuna umbo lake ikiwa imetegwa, na kuna umbo lake ikishafyatuka. Kinachomshambulia mtoto ni kirusi ambacho F yake bado imetegwa. Chanjo ya formalini iliufundisha mwili zaidi umbo lililokwisha kufyatuka, kwa hiyo kingamwili zikawa zinashika kirusi bila kukizuia, na mapafu yakajaa vurugu ya mwili wenyewe. Mwaka 2013 Jason McLellan, Barney Graham na wenzao Marekani ndio walioonyesha umbo la F ikiwa bado imetegwa, wakaona na mahali pa kuikaza isifyatuke. Chanjo zote za RSV zilizopitishwa Marekani mwaka 2023 zimejengwa juu ya kazi hiyo. Hata zile chanjo za Uviko-19 za mRNA mlizokuwa mnazikimbia, protini yake ilikazwa kwa ujuzi uleule.

Kazi nilipata. Simwambii mtu kwa majivuno (basi, na majivuno kidogo yapo), lakini wale wa digrii za nje hakuna aliyekuwa anajua habari ya 1966.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, soma. Usisome ili ufaulu mtihani, soma kwa sababu kuna kitu kinakukera. Ushauri wa pili nao ni huohuo, soma, tena makala nzima pamoja na sehemu ya mbinu, usiishie kwenye muhtasari.

Mradi ukanirudisha Kigoma kuchukua damu ya akina mama wajawazito, na wakijifungua damu ya kitovu. Mnaotamani utafiti mnafikiria koti jeupe na mashine. Mimi nilifikiria hivyo pia. Kumbe kazi kubwa iko kwenye benchi la kliniki. Mama mmoja wa makamo, kamsindikiza mkwe wake, alinikazia macho akasema mbele ya watu wote kwamba sisi ni mumiani, tunakusanya damu za watoto tukauze. Benchi zima likanyamaza. Nikakaa chini kando yake, nikamwamkia kwa Kiha, nikamweleza: mama mjamzito anampitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo, hasa miezi ya mwishomwisho, na mtoto anazitumia miezi yake ya kwanza hadi zinaisha. Tunataka kujua huyu mkwe wako anampa mjukuu wako kiasi gani. Akaniuliza, "Na zikiisha?" Swali hilo, jamani, ndilo lililonifikisha nilipo. Nimelisikia kwenye mikutano mikubwa likiulizwa kwa maneno magumu zaidi na halikuwa bora kuliko vile alivyouliza yule mama.

Na si swali dogo. RSV inakadiriwa kuua watoto wapatao 100,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, zaidi ya asilimia 97 wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu hawajafikisha miezi sita. Ndiyo maana mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zichague: mama achanjwe kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, au mtoto achomwe kingamwili iliyotengenezwa tayari, nirsevimabu. Ukiwa na mjamzito nyumbani, waulize kliniki.

Wakati ule umeme wa Kigoma bado ulikuwa wa majenereta. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikilia kengele usiku, anayeamka ni nani? Siyo wakubwa wa mradi. Ni mimi, na mlinzi na tochi yake.

Makala ilipotoka, nilitafuta jina langu. Halikuwepo. Mwisho kabisa, kwenye shukrani, waliandika wanawashukuru "wafanyakazi wa uwandani Kigoma". Nilipouliza, niliambiwa kwa upole kwamba kukusanya sampuli siyo sayansi. Nimesamehe, ila sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Hapo ndipo nilipojifunza takwimu kwa nguvu, programu ya R, usiku kwa usiku. Nikaomba nifundishwe kipimo cha kuzuia kirusi, maana ELISA, kile kipimo cha kawaida cha kingamwili, inakwambia tu kwamba kingamwili imeshika, haikwambii kama inazuia. Kile cha kuzuia unazimua seramu, yaani maji ya damu, mara mbilimbili, unaichanganya na kirusi hai, unamimina juu ya seli, unasubiri, kisha unahesabu vidoa, mahali kirusi kilipoharibu seli. Ni kazi ya kuchosha macho na wengi wanaikwepa. Mwaka huu makala yangu imekubaliwa, jina langu la kwanza kabisa, kuhusu lile swali la mama wa benchini.

Vijana, acheni uvivu. Bando la kuangalia mpira lipo, la kupakua makala halipo? Someni. Na wauguzi wa kliniki waheshimuni, bila wao hamna utafiti.

Na wewe wa Kasulu, siku utakapopata mradi, kabla kijiti cha kwanza hakijaingia pua ya mtoto wa mtu, omba waandike kwenye barua nani atakuwa mwandishi na kwa kazi ipi. Omba kwa adabu, lakini omba kwa maandishi, na nakala ibaki kwako. Rasimu ya barua ninayoitumia mimi ninayo kwa Kiswahili na Kiingereza. Ukiitaka niandikie, na safari hii uniambie wodi ya kwenu kuna nini kinachokukera.