Kugongwa kwa mzee hapo Gede: usitie sahihi bado

Dada, pole sana kwa msiba. Unauliza kama mpokee bahasha aliyoleta mwenye matatu siku ya hitima, maana dereva alishatoka kwa dhamana na watu wanasema kesi imekwisha.

Haijakwisha. Dhamana ni haki ya Katiba ya Kenya, ibara ya 49. Kutoka kwa dhamana si kufutiwa mashtaka. Kinachoniudhi mimi ni kingine. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinasema anayeua kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10, lakini hakuna kima cha chini, na hakimu anaruhusiwa kutoza faini badala ya jela. Basi wengi hulipa wakaenda zao.

Bahasha ina karatasi ndani, sivyo? Ndugu yangu alipogongwa kule Watamu tulipewa kama hiyo: mistari minne, wa mwisho "hatutadai tena." Tukatia sahihi. Makubadhi yake yalikuwa bado pale kando ya lami.

Nyinyi chukueni abstrakti polisi, yaani karatasi ya polisi yenye muhtasari wa ajali, ina jina la bima ya gari. Tafuteni walioona, hasa mama muuza mahamri wa pale stendi, kabla hajasahau. Fidia ni kesi nyingine, si hii ya dereva, mna miaka 3 tangu kifo kuifungua. Na kwa Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, mna haki ya kusikizwa mahakamani kabla ya hukumu. Mwambieni mwendesha mashtaka mapema, hakimu amsikie mjane mwenyewe.