Chambo cha mpira kilichochanika: kabla hujakitia motoni

Mkuu, umesema una mfuko umejaa vyambo vya mpira, vingine vimepasuka kichwa, vingine vimeng'atwa mkia, na jamaa yako kakwambia uvitie vyote kwenye sufuria moja, uyeyushe, utengeneze vipya. Unauliza kama inawezekana. Inawezekana, nimeifanya kazi hiyo miaka kadhaa na kovu ninalo mkononi. Ila kwa mfuko wangu mimi, vyambo vinavyostahili moto huwa vichache sana. Vingi vinavyoonekana vimekufa vinataka dakika mbili tu za ufundi, na vingine havitaki hata hizo.

Kwanza mwaga mfuko wote mezani uchambue. Usichambue kwa rangi wala kwa umbo, chambua kwa mpira wenyewe. Vyambo laini vingi ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, ule mchanganyiko mafundi wanaouita plastisoli. Lakini vipo vya aina nyingine kabisa, plastiki inayovutika iitwayo TPE, kama vile vya kampuni ya Z-Man vinavyouzwa kwa jina la ElaZtech. Hivi ukivivuta vinarefuka mara kadhaa bila kukatika, na mara nyingi vinaelea majini. PVC ukiivuta hivyo inakatika mapema.

Tofauti hii niliijua kwa hasara. Niliweka aina zote mbili kwenye kisanduku kimoja cha plastiki, nikakiacha kwenye gari juani. Nilipokifungua nilikuta uji. Yale mafuta ya PVC yanaingia kwenye TPE, vyote viwili vinalegea na kunatana, na rangi zinahama kutoka huku kwenda kule. Hata kisanduku chenyewe kilikuwa kimeanza kuyeyuka upande mmoja, maana mafuta hayohayo yanakula baadhi ya plastiki ngumu. Tangu siku hiyo TPE yangu inakaa kwenye pakiti yake iliyokuja nayo, peke yake. Kama huna hakika na kipande, kibane na kingine unachokijua, viache vimegusana siku mbili tatu mahali penye joto. Vikianza kunata, ni watu wa koo mbili, usivichanganye sufuriani.

Haya, sasa vile vya PVC vilivyopasuka kichwani. Hapa watu wengi wanatupa mali. Kichwa kinapasuka kwa sababu ndoano inapita palepale kila siku na samaki akijirusha anaufungua mpasuko. Kata sentimita moja hivi ya mbele kwa wembe, chomeka ndoano upya. Umepata chambo kifupi kidogo, na samaki hana rula. Ukishakata mara mbili tatu kikabaki kipande cha urefu wa kidole, hicho nacho usikidharau: upo mtindo mzima wa uvuvi, Ned rig, uliochukua jina la mvuvi Ned Kehde wa Kansas, Marekani, ambao kazi yake ni kipande kifupi cha mnyoo wa mpira juu ya ndoano yenye kichwa kidogo cha madini ya risasi. Mimi vipande vyangu vifupi vimeshanipa samaki siku ambazo vyambo vizima vilikataliwa.

Na kama unachomeka ndoano katikati ya mnyoo ili uning'inie pande zote mbili, acha kupitisha ndoano kwenye nyama ya chambo. Mvishe kipete cha mpira kiunoni, ndoano ipite chini ya kipete. Samaki akijipinda, kinachobeba nguvu ni kipete. Kabla sijajua hili nilikuwa namaliza mnyoo mmoja kwa samaki mmoja.

Sasa kuunga. Njia ninayoiamini ni joto, si gundi. Unahitaji kisu cha zamani chenye bapa jembamba, au chuma cha kulehemu kama cha fundi redio. Osha vipande kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu vyambo vingi vimepakwa mafuta yenye harufu, na penye mafuta hapashiki. Kausha kabisa. Kisha pasha kisu, kiweke katikati ya nyuso mbili unazotaka kuunga, zote mbili ziguse chuma kwa wakati mmoja. Utaona zimeanza kung'aa na kulowa. Hapo chomoa kisu kwa kukitelezesha upande, usikivute kwa kukiinua, na papo hapo bana nyuso pamoja. Hesabu hadi ishirini bila kutikisa mkono. Ukimaliza, chovya kwenye maji baridi. Kiungo kilichofanywa vizuri kikivutwa, mpira unachanika pembeni ya kiungo kabla kiungo chenyewe hakijaachia.

Kosa la kila anayeanza ni kutumia moto wa kiberiti cha gesi moja kwa moja. Moto unaunguza juu, ndani kunabaki baridi, unapata masizi meusi na kiungo cha uongo. Kosa la pili ni kisu chenye joto kupita kiasi. Kikianza kutoa moshi, kiondoe, kipoe kidogo. Moshi huo si wa kuvuta, nitaueleza nikifika kwenye kuyeyusha.

Kwa njia hii unaweza kuchukua mkia mzima wa chambo kilichokufa kichwa ukaupachika kwenye mwili uliokufa mkia. Nina kimoja kina mwili wa kijani na mkia mweupe, kibaya kukitazama, na ndicho ninachokifunga kwanza. TPE nayo inaungika kwa joto, ila inavuta nyuzinyuzi kama jibini na inahitaji mkono mwepesi.

Supaglu ina mahali pake. Inafaa kubandika pua ya chambo kwenye kichwa cha risasi kisiteleze, au kufunga mpasuko mdogo mgongoni. Tone moja dogo. Tatizo lake ni kwamba ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, na mpira unaoizunguka unabaki laini, kwa hiyo chambo kinapojipinda kinavunjika palepale. Usiiweke karibu na mkia kamwe. Mkia uliokakamaa haupigi, unaburuta tu kijiti. Zipo pia gundi maalumu za vyambo laini, ambazo zinaulegeza mpira wenyewe ukashikana. Hizo zinabaki laini na ni nzuri, ila soma kama ni za PVC au za TPE.

Kuna vingine havijachanika hata kidogo, vimepinda tu kwa kukunjwa kwenye mfuko. Mkia uliojikunja unafanya chambo kizunguke kama feni na mshipi unasokoteka. Dawa yake ni maji ya moto: tia chambo kwenye maji yaliyochemka na kuepuliwa, kiache kama nusu dakika hadi kilegee, kitoe kwa kijiko, kilaze sawa juu ya sahani, kisha mwagia maji baridi. Kinashika umbo jipya. Vyambo vyenye chumvi ndani usivichemshe muda mrefu, chumvi inatoka na uzito unapungua.

Tumebakiwa na vile ambavyo kweli havina tiba: vipande vipande, vilivyotobolewa kila mahali. Hivyo ndivyo vya kuyeyusha. Kuna kitu kinanifurahisha hapa: Nick Creme, Mmarekani wa Akron, Ohio, aliyetengeneza mnyoo wa plastiki uliofungua biashara hii yote mwaka 1949, alianzia nyumbani kwake na mke wake Cosma, wakipika na kumimina. Kwa hiyo hatujaanza sisi. Ila wewe usipike jikoni kwako.

Nasema hivyo kwa sababu PVC ikipashwa kupita kiasi inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inakuwa asidi. Plastisoli inaiva kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Ukikaribia 200 inaanza kugeuka rangi, inakuwa ya manjano kisha kahawia, na moshi unaanza. Nunua kipimajoto, kukisia kwa macho hakutoshi. Fanyia kazi nje au mahali penye upepo wa kupita, vaa barakoa yenye chujio la mivuke na gesi za asidi, si kile kitambaa cha vumbi. Chombo utakachotumia, iwe kikombe cha kioo kinachostahimili moto au sufuria ndogo, kisirudi tena kwenye chakula. Kama ni maikrowevu, hivyohivyo, iwe ya kazi hii tu.

Kovu langu sasa. Nilikuwa na haraka, nikaosha vipande asubuhi nikayeyusha jioni. Mnyoo mmoja ulikuwa na tundu tumboni, ndani yake maji. Mpira ulipofika zaidi ya nyuzi 150, yale maji yakageuka mvuke kwa mpigo, uji wa mpira ukaruka kama mafuta yaliyotiwa samaki mbichi. Ulinidondokea juu ya kifundo cha mkono, na mpira wa moto haumwagiki ukaondoka, unang'ang'ania. Siku hizi nakata kila kitu vipande vya ukubwa wa harage, navianika siku tatu nne, na navaa glovu ndefu na miwani. Toa pia kila ndoano, shanga na kichuma kilichosahaulika ndani.

Pasha kidogo kidogo, koroga kila baada ya nusu dakika, taratibu ili usiingize mapovu. Mpira uliorudiwa unakuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa hiyo ongeza kilainishi cha plastisoli, kijiko cha chai kwa kikombe, mimina kipande kimoja cha majaribio, kipoe, kivute, halafu ndipo uamue kama kinataka zaidi. Mimi huchanganya na plastisoli mpya kidogo, inasaidia sana. Chumvi ya vyambo vya zamani itazama chini, mimina bila kuifikia, au ikoroge kama unataka chambo kizito, lakini ujue kitachanika upesi.

Kuhusu rangi, usitarajie maajabu. Ukichanganya zote unapata tope. Mimi nasukuma tope hilo hadi liwe jeusi kwa tone la rangi, natia vimetameta vya buluu, na samaki hawajalalamika. Vyeupe na vinavyopitisha mwanga vitenge, ingawa navyo kila ukivirudia motoni vinaelekea umanjano.

Kalibu, yaani umbo la kumiminia mpira, unaweza kutengeneza mwenyewe kwa plasta ya Paris. Gandamiza chambo kizima kwenye plasta mbichi hadi nusu, iache ikauke siku kadhaa (unyevu wa plasta nao ni maji yaleyale yaliyoniunguza), kisha ipake gundi nyeupe ya mbao tabaka mbili tatu. Paka mafuta kidogo, mimina uzi mwembamba kuanzia mkiani, sehemu nyembamba zijae kabla hazijapoa.

Mabaki yasiyofaa yaweke kwenye chupa yenye kifuniko uyapeleke takani. Usiyaache majini, samaki wanayameza na hayaozi. Mwaka 2013 bunge la jimbo la Maine, Marekani, lilifikishiwa hata muswada wa kupiga marufuku vyambo vya mpira kwa sababu hiyo.

Ukishachambua ule mfuko, piga picha ya vile unavyoshindwa kujua ni PVC au TPE uiweke hapa, na usimruhusu jamaa yako awashe jiko kabla hatujaviona.