Kigeuze kwanza, kisifie baadaye

Wewe uliyeanza kazi juzi kwenye duka la vitu vya kale: ukikabidhiwa kinara cha mshumaa cha bronzi ya Kifaransa iliyopakwa dhahabu, cha zama za mfalme Louis XVI (1774 hadi 1792), usihangaike kwanza na mapambo ya mashada na vichwa vya kondoo. Kigeuze.

Mafundi wa Paris hawakumwaga dhahabu mahali pasipoonekana. Chini ya kitako mara nyingi utakuta bronzi tupu, yenye alama za tupa, na dhahabu imepotea njia kidogo ukingoni. Ndani kuking'aa sawasawa na nje, shuku. Huenda kilipakwa dhahabu kwa umeme, njia iliyoenea kuanzia miaka ya 1840. Hapo usikimbilie kusema ni bandia. Karne ya 19 iliupenda mno mtindo huu, na vingine vina kazi safi ajabu. Ila bei ni nyingine. Na ukikuta chapa ya herufi C yenye taji, usishangilie: ni alama ya kodi ya 1745 hadi 1749, kabla mtindo wenyewe haujashika.

Dhahabu ya zamani ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kikapelekwa motoni, zebaki ikatoka kwa moshi. Waliouvuta moshi huo ni mafundi, na uliwamaliza. Mimi huwakumbuka kila mteja anapolalamika bei.

Sasa sogeza taa karibu na jani moja tu la shada. Mgongo wake umesuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka unaakisi mwanga. Bondeni dhahabu imeachwa imepoa kama mahameli. Dhahabu hiyo isiyong'aa ndiyo iliyompa sifa Pierre Gouthière, fundi wa Paris wa zama hizo.

Wiki yangu ya kwanza sikulijua hilo. Nilitafuta dawa ya kusugulia shaba nikasugua kwa bidii zote, nikisubiri kupongezwa. Kikang'aa kote, kama bomba jipya. Bosi alikitazama, akaokota kitambaa changu, akakikunjua mezani mbele yangu bila neno. Kilikuwa cheusi, na dhahabu ilikuwa humo ndani.

Kwa hiyo: pamba yenye unyevu kidogo, basi. Usikitumbukize majini, maana vipande vingi hushikwa na kijiti cha chuma katikati, na chuma kikilowa kutu huanzia mahali usipopaona. Nta ya mshumaa ilainishe kwa joto dogo, uibandue kwa ukucha. Kisu kiache jikoni.

Vikiwa jozi, vipime vyote viwili, urefu na uzito, hata kama vinafanana kama mapacha. Halafu pitisha kidole pembeni mwa kitako. Vinara vingi viligeuzwa taa za umeme, vikatobolewa kupitisha waya, na muuzaji mjanja huziba tundu kwa nta iliyotiwa rangi. Bonyeza kwa ukucha. Bronzi haibonyei.